Lango la Arbab

Walimleta asubuhi, vijana wawili wa duka la vitabu, mmoja ameshika kichwa na mwingine miguu kama wanabeba mgonjwa. Wakamsimamisha mlangoni pao, akanitazama. Mimi nilikuwa soja, mlinzi wa jumba lile la maduka huku Dubai, na kituo changu kilikuwa hapo hapo, mkabala na duka la vitabu, kando ya ngazi za umeme. Alikuwa mtu wa kadibodi, amenipita urefu kwa kichwa na shingo, amevaa joho jeusi na barakoa ya chuma isiyo na tundu la mdomo. Macho tu. Aliyemchora alijua kazi yake, kwa sababu ukienda kushoto yale macho yanakufuata, na ukienda kulia yanakufuata vilevile. Nikasema moyoni, haya, nimeletewa msimamizi mwingine.

Ukiwa soja huku hukai. Hukai, hushiki simu, huegemei nguzo. Unasimama na kuwaonyesha watu choo kiliko. Wanapita na manukato yao na mifuko yao, na hata wakigeuza macho upande wako wanatazama kilicho nyuma yako. Kuna siku nilirudi chumbani kwetu, mtaa wa Karama, nikafungua mdomo kusalimia, sauti ikatoka inakwaruza, maana tangu asubuhi sikuwa nimesema kitu isipokuwa upande ule madam, upande ule sir. Yule wa kadibodi angalau alinitazama usoni. Watoto wa shule walikuja wakamkumbatia kiunoni, wakapiga picha, wakaenda zao, tukabaki mimi na yeye.

Nilimchukia. Mimi nimekulia kwenye sinema za mabanda kule Nyahururu, na katika sinema zile stelingi hafi, na adui ni adui. Anacheka vibaya, anachoma nyumba ya stelingi, na mwishoni anapigwa mpaka sisi tunapanda juu ya mabenchi kwa furaha. Hakuna aliyewahi kutuambia adui alizaliwa na nani, wala hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo nilipoona wanaume wazima wenye ndevu wamevaa fulana zenye sura ya yule shetani wa katuni za Kijapani, niliwaona kama watu wasio na kazi.

Kisha dada yangu akanitumia picha.

Dada yangu mkubwa ndiye anayemlea mwanangu, kule Nyahururu. Alimchukua kabla hajaanza shule, siku nilipokuja huku, na sasa mtoto ameota vinyweleo juu ya mdomo na sauti imeanza kuwa nene. Yeye anamwita Mama. Mimi ni Mami wa Dubai. Sina neno na hilo, na hata ningekuwa nalo ningelisema na nani? Simu za bure za mtandao huku nyingi zimezuiwa na chache zinazokubali hukwamakwama, kwa hiyo mimi na yeye tulizoea kutumiana ujumbe wa sauti. Nilikuwa nikimtumia dakika nzima ya maneno, ya kula, ya shule, ya sweta, naye ananirudishia, "Poa, Mami." Basi. Nimevuka bahari nzima ili mtoto niliyemzaa aniambie poa.

Nililotaka halikuwa kubwa. Nilitaka mwanangu aongee nami, juu ya jambo lolote lile, kama mtu anavyoongea na mama yake, kabla hajawa mwanaume mzima ninayemjua kwa picha. Nilikuwa naona muda unaniponyoka. Hilo ndilo nililolala nalo na kuamka nalo, mengine yote ya Dubai niliyaweza.

Sasa ile picha ya dada. Ilikuwa jalada la daftari la hesabu, na juu yake, kwa kalamu ya wino, ile barakoa isiyo na mdomo. Yale macho. Nilidhani naota. Dada akasema mtoto anasoma hizo katuni kwenye simu yake yeye dada, anachora lile jitu kila mahali, kwenye dawati, kwenye ukuta wa choo, mpaka mwalimu amemwita dada shuleni, na akina mama wa kanisa wanataka kuja kuombea nyumba. Dada yangu hana mchezo na mambo ya kanisa.

Na mimi hasira zangu ziko karibu, najijua. Nilimtumia mtoto ujumbe wa moto. Nikamuuliza ni mtoto wa aina gani anayewaacha watu wote wema duniani na kwenda kupenda shetani, na kama alifikiri mimi nasimama juu ya miguu hii kutwa ili yeye ajaze pepo kwenye daftari la hesabu. Nikaona alama mbili za buluu. Amesikiliza. Hakujibu siku hiyo, wala kesho yake, wala wiki iliyofuata. Hata poa yangu nikanyang'anywa.

Nikawa nakwenda kazini kusimama uso kwa uso na kitu kilichonigombanisha na mwanangu. Kila siku. Siku moja nikashindwa, nikamuuliza binti Mfilipino aliyekuwa akipanga rafu za duka lile, huyu mtu wenu ni nani hasa. Uso ukamng'aa. Akaniambia huyo ndiye mwenye nguvu kuliko wote, hakuna aliyewahi kumshinda, lakini ni mtu wa huzuni sana. Nikamwambia adui hana huzuni. Akacheka, akanielekeza duka la vitabu vilivyotumika, tena kule kule Karama, nyuma ya mkahawa ninaponunua chapati.

Nilinunua kitabu cha kwanza kwa shingo upande. Tulikuwa wanawake sita chumbani, kila mtu na kitanda chake na pazia lake, na kitanda cha chini yangu alilala Mganda mmoja, Mwislamu, aliyefanya kazi ya dobi katika hoteli ya Deira. Huyo ndiye aliyekuwa mtu wangu. Alinisikia nikinung'unika kwamba Wajapani wameanza kitabu kwa neno mwisho. Akachungulia. "Banange, nyabo," akashangaa kwa Kiganda chake, "umekishika kinyume. Fungua kama msahafu." Akanigeuzia, akanionyesha kwamba kitabu kinaanzia kulia na kurasa zinakwenda huko. Nikamshukuru, naye akarudi kupiga pasi baibui lake.

Nikasoma. Waliokuwemo waliniudhi kwa maongezi yao, mtu anajibu kabla hajaulizwa, mwingine yuko chini analia halafu ndiyo anapigwa. Nikajisemea ndivyo walivyo, kila watu na desturi zao. Jina la yule mkubwa lilinishinda kutamka, kwa hiyo mimi na Mganda tukambatiza Arbab, maana huku ndivyo wafanyakazi wanavyomwita bosi, yule ambaye akisema simama umesimama.

Na Arbab kazi yake ilikuwa hiyo. Hapigi mtu, hachomi nyumba. Anasimamisha. Akiutazama mto, mto unasimama, maji yamepinda kwenye jiwe na hayaanguki. Ndege wanabaki hewani. Jeshi zima linabaki limeinua mguu mmoja. Kuna mji ambao alipita zamani na watu wake bado wameshika vikombe vya chai, mvuke umesimama juu ya vikombe. Mimi niliyekuwa nasimama kutwa kwenye vigae niliielewa adhabu hiyo kuliko msomaji yeyote. Stelingi na wenzake wanasema Arbab ana chuki na kila chenye uhai, nami nikakubaliana nao.

Lakini kulikuwa na jambo lililonikera. Arbab ana ngome, ukuta wa chuma juu ya mlima, hakuna ngazi wala kamba inayofika juu, na katika ukuta huo kuna lango, na lango halijawahi kufungwa. Stelingi anaingia hapo hapo kila mara kama mtu aliyealikwa harusini. Wao wanasema ni majivuno. Mimi nikaona ni ujinga. Kwetu Nyahururu hata mtu mwenye kuku watatu anafunga geti jua likizama. Nilikaa na swali hilo likanisumbua mpaka nikasahau kwamba nimenuniwa, nikamtumia mwanangu ujumbe: "Hebu nieleze, huyu mtu wako ana akili sawasawa? Mbona hafungi lango?"

Jibu lilifika nikiwa kwenye metro natoka kazini. Lilikuwa refu. Nilipoona urefu wake nilidhani dada ndiye aliyeongea. Nikaweka vipokea sauti masikioni, nikasikia, "Hapana, Mami, si mjinga, sikiliza nikwambie," na ile sauti mpya nene ikaanza kwenda mbio, ikakatika, ukaingia ujumbe mwingine, na mwingine. Nilipita kituo changu. Nilikwenda mpaka mwisho wa njia, nimeshikilia ule mkanda wa juu, natabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Aliniambia watu wengi wanamsoma Arbab vibaya. Aliniambia hajawahi kumsimamisha mtoto, hata mara moja, na kwamba katika ule mji wa vikombe vya chai, pembeni kabisa, kuna mtoto mdogo anakimbia katikati ya watu waliosimama, ila amechorwa mdogo mno na wasomaji wanapita tu. Akanitaka niangalie meza yake ya chakula. Kila anapoonyeshwa anakula, kuna mabakuli mawili, na moja haliguswi. Na barakoa haina mdomo kwa sababu zamani aliita sana, akaita mpaka akachoka, akaamua mdomo hauna kazi. Nilimuuliza haya yote umeyajuaje, akasema ni kuangalia tu, Mami, hayajaandikwa. Kuhusu lango akakataa kunieleza. Akasema hilo lazima nilisome mwenyewe.

Siku zile nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Nilinunua kila kitabu kilichopatikana pale Karama, na kila kimoja kilinipa wiki nzima ya maongezi. Niligundua mwanangu ana utani. Yule binti Mfilipino alinipiga picha nimesimama na Arbab, mimi na sare yangu na kofia, nikamtumia, akajibu, "Mami, mnafanana kwa kusimama." Nikacheka mpaka mtu wa kitanda cha pili akauliza kuna nini. Dada alisema mtoto siku hizi anaombaomba simu jioni, na kwamba akina mama wa kanisa wameambiwa wasubiri kwanza.

Wakati huo huo msimamizi wetu alikuwa anataka jibu la mkataba. Wangu ulikuwa unakwisha, na ilikuwa ama niongeze tena au khalas, nirudi kwetu. Mara zote zilizopita niliongeza. Na mara zote kabla ya kuongeza nilikuwa nimeshamwambia mtoto, mwaka huu nakuja, inshallah. Sikuwa namdanganya. Nilikuwa namaanisha kila mara, halafu paa la dada linavuja, halafu shule, halafu jambo lingine, na mwaka unakwisha. Nikamwambia msimamizi anipe siku chache.

Kitabu cha lango nilikipata siku yangu ya mapumziko. Nilikisoma mchana, pazia limefungwa, kiyoyozi kinanguruma, wenzangu wote wako kazini. Sura yenyewe haina maneno hata moja. Picha tu, za barabara nyeupe na lango bovu la mbao, kabla ya ngome, kabla ya chuma. Mtoto amesimama langoni. Katika picha ya kwanza barabara ina nukta mbali sana. Ya pili, nukta ni mtu. Ya tatu, mtu ni mwanamke, ana furushi kichwani. Ya nne, mkono wa mwanamke uko juu ya nywele za mtoto.

Nililia. Nililia sana, wacha nisifiche. Nikaona nimeelewa kila kitu, nikafunga kitabu bila kufungua ukurasa unaofuata. Huyu mtu alingoja, na lango aliliacha wazi ili mama yake asifike akakuta limefungwa, na mama alirudi na furushi lake. Mganda aliporudi kutoka Deira nikamwonyesha picha kwa kidole, moja baada ya nyingine, naye akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio. Hapo hapo nikamtumia mwanangu ujumbe. Nilisema mengi. Nilimwambia, "Umeona? Alichelewa, lakini alirudi. Mama hasahau njia. Hata mimi ndivyo, usidhani nimesahau."

Jibu lake lilikuja kesho yake nikiwa kwenye chumba cha kubadilisha nguo, nimevua viatu. Alikuwa nje mahali fulani, nilisikia upepo na mbwa.

"Mami, umesoma vibaya," alisema. "Si kurasa tu zinazotoka kulia. Hata picha ndani ya ukurasa, unaanzia kulia. Hapo hafiki. Hapo ndipo anaenda."

Ujumbe ulikuwa bado unaendelea. Mbwa alibweka tena. Nilidhani amesahau kuachilia kitufe.

"Lakini ni sawa," akasema. "Hata mimi mara ya kwanza nilisoma hivyo. Nilijua si hivyo, lakini nilisoma tu hivyo."

Hasira zikanipanda, na sijui zilikuwa za nani. Za Wajapani, nadhani. Watu gani wanachora mambo kinyume hivi? Nilitoa kitabu mkobani, nikaweka kidole upande wa kulia kama mtoto wa chekechea, nikaanza upya. Mkono juu ya nywele. Mwanamke ameinua furushi. Mwanamke ni mdogo barabarani. Nukta. Nikafungua ukurasa unaofuata na mtoto alikuwa bado pale langoni, amekua kidogo, mdomo wazi, anaita. Ukurasa mwingine, amekua tena. Ukurasa mwingine, amefumba mdomo, na ndege mmoja amesimama hewani juu yake, wa kwanza.

Basi kumbe ndiyo hiyo nguvu ya kutisha. Hakuwa na chuki na mtu. Alitaka kila kitu kisimame ili yule aliyekuwa anakwenda asiende mbali zaidi. Alijenga ukuta wote ule kuzunguka mahali alipoambiwa angoje, na walioingia kumuua waliingia kwa mlango wa mtu mwingine. Na mtoto wangu, kule kwenye baridi ya Nyahururu, alikuwa amelijua hilo siku zote akilichora kwenye daftari la hesabu, na sisi watu wazima tukaita maombi.

Nilisimama kazini siku hiyo nikimtazama Arbab na sikuweza kumchukia hata kidogo. Niliona aibu kidogo mbele yake, kama umemsema mtu vibaya kisha ukamkuta msibani.

Jioni nikamuuliza mwanangu swali ambalo sikuwahi kumuuliza, kwa sababu niliogopa jibu la poa. Nikamuuliza, wewe unataka nirudi? Sikuongeza neno. Alama za buluu zikaja. Niliosha sare, nikapika ugali, nikagombana na mtu wa kitanda cha pili kwa ajili ya sufuria. Mganda akaniambia nile. Sikula. Jibu lilikuja siku ya tatu, na lilikuwa fupi.

"Kama unakuja, usiniambie. Kuja tu."

Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia khalas. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri, akasema nilale nalo kwanza, inshallah nitabadili mawazo. Nikamwambia hapana, hii haina inshallah. Nilimwambia dada pia, nikamwapisha kwa Biblia yake asifungue mdomo.

Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kunyamaza. Miaka yote nilikuwa na ahadi na sina safari, sasa nina safari na siruhusiwi kusema. Kila nilipobonyeza kitufe cha kurekodi neno lilinifika kwenye meno. Nikawa namuuliza habari za Arbab, za mtihani, za mbwa wa jirani. Nilikwenda Al Ras kununua iliki na zafarani za dada, nikapita katikati ya wapagazi na mikokoteni yao, na nikawa na jambo kubwa kifuani na hakuna hata mmoja wa kumwambia. Nilimwambia binti Mfilipino kwa sababu hamjui mtu wangu yeyote. Alinipongeza, akaenda kupanga rafu.

Siku ya mwisho chumbani Mganda alikuwa ananisaidia kufunga sanduku. Lilikataa. Nikakaa juu yake, yeye akapiga magoti kuvuta zipu, akisema nyabo jiongeze uzito, na simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mwanangu, ya chini, ya mtu anayeongea akiwa amejificha na simu ya watu.

"Mami," alisema, "mbona siku hizi husemi tena kwamba utakuja?"

Mganda aliacha kuvuta zipu akanitazama. Nilishika simu kwa mikono miwili. Nikamjibu kwamba niko kazini, tutaongea baadaye.